Mbona hawakuiva ndani ya suti? Mwongozo wa ubishi wa kijiweni kuhusu Mwezi

Swali la wasioamini kwamba watu walifika Mwezini ni lile lile, liwe limetoka Ujiji au Mwanga kule Kigoma, au Isevya kule Tabora: "Mwezini mchana kuna nyuzi 120, hewa hakuna, mtu kajifungia ndani ya nguo nene. Kiyoyozi chake kilikuwa kinapeleka wapi joto?" Anayeamini kwamba watu walifika huko anaanza kugugumiza, anataja NASA, shirika la anga la Marekani, anasema Wamarekani wana akili. Kijiwe kinacheka na habari inaishia hapo. Mwongozo huu ni wa wewe uliyewahi kugugumiza mara moja na hutaki tena. Bendera na vivuli vya kwenye picha havimo. Hapa ni joto tu.

Na tukubaliane mapema: swali lenyewe ni zuri. Anayeliuliza kafikiri kuliko yule wa bendera, kwa hiyo mjibu kama mtu aliyefikiri.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Bomba la sindano jipya la mililita 20, bila sindano yenyewe. Linapatikana duka lolote la dawa. Nunua mawili, la kwanza mpira wake huchoka.
- Raba ya kufutia penseli.
- Chupa mbili za maji za plastiki zinazolingana, na soksi moja ya pamba.
- Mita 3 za mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule ambao mafundi ujenzi hupimia levo.
- Ndoo mbili ndogo na maji ya baridi.
- Chupa ya chai yenye maji ya moto. Chupa yenyewe nayo ni kielelezo, usiiache nyumbani.
- Karatasi na kalamu. Simu iache mfukoni. Ukianza kutafuta video, bando litaisha na kila mtu atatoa video yake.

Chupa mbili za plastiki ziandae mapema. Zijaze maji ya mtungi mmoja, moja ivishe soksi iliyolowa, zote ziweke kivulini penye upepo kwa saa moja na nusu. Soksi ikianza kukauka, ilowanishe tena.

Hatua ya 1: Msikilize mpaka mwisho

Chagua mtu mmoja. Kijiwe kizima hukiwezi, na hata ukikiweza hutajua nani kakubali. Kama ni mtu mzima, shikamoo kwanza, halafu: "Mzee wangu, naomba unieleze unavyoona wewe, nami nitasema yangu." Akimaliza, irudie hoja yake kwa maneno yako mpaka aseme "ndivyo". Usipofanya hivyo, nusu ya ubishi utakuwa juu ya jambo ambalo hakulisema.

Hatua ya 2: Andika swali moja kwenye karatasi

Liandike hivi: *Joto la mwili wa mwanaanga lilitokaje nje ya suti?* Karatasi ikae mezani, karibu na vikombe vya kahawa. Akirukia mionzi au picha, usimkatize. Liandike swali lake upande wa pili kwa ajili ya siku nyingine, kisha rudi kwenye la kwanza.

Hatua ya 3: Kubali yaliyo kweli

Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanakataa kila kitu. Haya yakubali bila kusita:

Ni kweli uso wa Mwezi saa sita mchana hufika nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Akikutajia "digrii 250", muulize ni za kipimo gani. Karibu kila mara ni Farenhaiti, na 250 ya Farenhaiti ni 121 ya Selsiasi. Ni kweli pia kwamba huko ni ombwe, yaani mahali pasipo hewa, na ombwe halipitishi joto kwa mpitisho (kugusana) wala kwa msafara (hewa au maji yanayosafiri na joto), unabaki mnunurisho (miali, kama ya jua) peke yake.

Na ni kweli kwamba wanaanga waliwahi kuzidiwa na joto ndani ya suti. Juni 1966 mwanaanga Mmarekani Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9 akiwa na suti iliyopozwa kwa kupuliza oksijeni tu. Alifanya kazi nzito, akatoka jasho, kioo cha kofia kikafunga ukungu, kazi ikakatishwa. Mwambie hilo wewe mwenyewe kabla hajalisoma mahali. Usimalizie kisa sasa. Mwisho wake utauhitaji kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 4: Kataa neno "kiyoyozi"

Hii ndiyo hatua inayobeba mjadala wote. Ukilikubali neno hilo umeshashindwa, kwa sababu kiyoyozi kweli hakiwezi kufanya kazi Mwezini kama kinavyofanya ofisini. Kiyoyozi huchukua joto la ndani na kulikabidhi hewa ya nje kupitia lile boksi la ukutani lenye feni. Mwezini hakuna hewa ya kukabidhiwa. Hapo mpinzani wako yuko sahihi kabisa.

Kwa hiyo sema: "Suti haikuwa na kiyoyozi. Ilikuwa na mtungi." Nyamaza kidogo. Atauliza mtungi gani.

Mtungi wa udongo hupoza maji bila umeme wala feni. Maji machache hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, yanafika nje, yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Kinachobaki ndani kinapoa. Suti ya Apollo, yaani ya zile safari za Wamarekani za Mwezini, ilifanya hivyo hivyo: joto halikukabidhiwa kwa mtu, lilitupwa nje pamoja na maji.

Hatua ya 5: Mpe chupa mbili ashike

Moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, macho yamefumbwa ukitaka. Ile ya soksi ni baridi zaidi. Muulize joto lake limekwenda wapi. Usimjibie.

Tabora kuanzia Agosti hadi Oktoba hewa ni kavu na tofauti huisikia hata mtoto. Kigoma kando ya ziwa, hasa wakati wa mvua, tofauti ni ndogo kwa sababu hewa tayari ina unyevu mwingi. Usijaribu siku yenye mawingu mazito halafu ukamlaumu mpinzani kwamba ana mikono migumu.

Hatua ya 6: Mchemshie maji kwa kuvuta

Atasema: "Sawa, lakini mtungi unahitaji upepo. Mwezini upepo uko wapi?" Ni pingamizi la haki, na jibu lake ni kwamba hewa humzuia mvuke zaidi ya inavyomsaidia. Ukiiondoa, maji hugeuka mvuke kwa pupa.

Changanya vikombe viwili vya maji yanayochemka na kimoja cha maji ya mtungini. Utapata kama nyuzi 70, maji yasiyochemka. Vuta mililita 5 kwenye bomba la sindano. Lielekeze juu, ligonge kwa kucha, toa hewa yote. Bonyeza mdomo wa bomba kwenye raba ya kufutia mpaka uzibe, kisha vuta mchi kwa nguvu. Maji yanachemka mbele ya macho yake, mapovu toka chini mpaka juu, bila moto. Achia mchi: mapovu yanatoweka. Angalieni vizuri hapo, maana mapovu ya hewa yangebaki. Yaliyotoweka yalikuwa mvuke uliorudi kuwa maji.

*Tahadhari:* usizibe mdomo kwa kidole, maji ya nyuzi 70 yanaunguza. Watoto wasogee.

Mwenye nyumba mbili, Kigoma na Tabora, anaweza kuongeza hili: Tabora mjini, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, Ujiji, mita 770 na kitu, ni karibu 97. Kadiri kanieneo la hewa, yaani mgandamizo wake, linavyopungua, ndivyo maji yanavyochemka mapema. Likishuka chini ya sehemu moja kwa 160 ya kanieneo la pwani, maji hayawezi kukaa kama maji. Yanachemka na kuganda kwa wakati mmoja, kwa kuwa mvuke unaotoka unaondoka na joto la yale yanayobaki.

Hatua ya 7: Eleza kifaa chenyewe

Sasa yuko tayari kusikia neno *sublimeta*, jina la kifaa kilichopoza suti. Usilitamke kabla ya hapa.

Mgongoni mwanaanga alibeba mkoba wenye tangi la maji. Maji hayo yalisukumwa taratibu kwenye bamba la nikeli lenye vinyweleo vidogo sana, upande wa pili wa bamba ukiwa wazi kwa ombwe. Yakifika kwenye vinyweleo yanaganda na kuziba. Barafu hiyo ikipata joto haiyeyuki. Inageuka mvuke moja kwa moja na kutokomea nje. Kinyweleo kinafunguka, maji mengine yanaingia, yanaganda. Mtu akifanya kazi nzito, barafu inaondoka haraka na upozaji unaongezeka. Akipumzika, barafu inabaki imeziba na maji yanayopotea ni machache. Bamba halina kitu hata kimoja kinachozunguka. Fundi aliyelibuni alistahili kunywa kahawa ya bure.

Joto lilifikaje kwenye bamba kutoka mwilini? Chini ya suti kulikuwa na nguo ya kubana iliyoshonewa mirija myembamba ya plastiki, jumla kama mita 90, ikipitisha maji kila mahali isipokuwa kichwani, viganjani na nyayoni. Pampu ndogo ilizungusha karibu lita 1.8 kwa dakika. Maji ya mirijani na maji ya kutupwa ni mafungu mawili: ya mirijani huzunguka na kurudi, ya tangini huondoka kabisa. Ukiyachanganya, mpinzani atakuuliza mbona mirija haikukauka, na utakuwa umejitakia.

Hapa toa mpira wa levo. Weka ndoo ya maji baridi juu ya meza, zungusha mpira mara sita au saba kwenye mkono wake kuanzia kiwiko, mwisho uingie ndoo ya chini. Vuta kwa mdomo maji yaanze kushuka. Ndani ya dakika mbili atasema mkono umepoa. Kwa upande wa upozaji, betri ya suti ilifanya kazi hiyo tu ya kusukuma maji, na feni ndogo ya kuzungusha oksijeni. Hoja ya "betri gani ingeendesha kiyoyozi" inafia hapo.

Hatua ya 8: Piga hesabu mbele yake

Mpe yeye kalamu.

Mwili unaofanya kazi Mwezini ulitoa wastani wa wati 250 hadi 300. Chukua 300: ni balbu tatu za zamani za wati 100, zimefungiwa ndani ya koti la mvua.

Wati 300 kwa saa moja ni kilojuli 1,080.

Kilo moja ya maji ikitoka kama mvuke hubeba karibu kilojuli 2,400.

Kwa hiyo kilo moja hupoza mwili huo kwa saa 2 na dakika 13 hivi.

Mkoba wa Apollo 11 ulikuwa na kilo 3.9 za maji. Hiyo ni zaidi ya saa 8 za joto la mwili, na wanaanga wake wawili, Armstrong na Aldrin, walikaa nje saa 2 na dakika 31. Ziada ilikuwa ya jua lililopenya, joto la pampu, joto la kemikali iliyosafisha pumzi, na akiba. Kuanzia Apollo 15 maji yaliongezwa hadi kilo 5.2. Mwonyeshe dumu la lita 5 la mafuta ya kula: ndiyo karibu hayo yote. Watu wengi hudhani ingehitajika pipa.

Sasa malizia kisa cha Cernan. Mtu yule yule aliyezidiwa na joto mwaka 1966 ndiye aliyekuwa kamanda wa Apollo 17, Desemba 1972. Alitoka nje siku tatu, kila siku zaidi ya saa 7. Kilichobadilika katikati ni mirija ya maji na bamba la barafu.

Hatua ya 9: Rudi kwenye zile nyuzi 120

Bado jua. Toa chupa ya chai. Kati ya kuta zake mbili za kioo kuna ombwe, na kioo kimepakwa rangi ya kung'aa. Suti ilikuwa na tabaka nyingi nyembamba za plastiki zilizopakwa aluminiamu, ombwe katikati, na kitambaa cheupe cha nyuzi za kioo kwa nje. Chupa inayozuia joto lisitoke ndiyo inayozuia lisiingie. Ndiyo maana shida kubwa ya suti ilikuwa joto la mwenyewe aliyemo. Waendesha bodaboda wanaovaa koti zito mchana wanalijua hilo.

Kisha saa. Siku moja ya Mwezi, jua hadi jua, ni siku 29 na nusu za kwetu. Jua hupanda nusu digrii tu kwa saa. Apollo 11 walishuka jua likiwa digrii 10 na kidogo juu ya upeo na wakaondoka likiwa kama 22. Kwa Kigoma hiyo ni kama kati ya saa mbili kasorobo na saa mbili na nusu asubuhi. Mchanga wa ufukwe wa Kibirizi saa hiyo unaukanyaga pekupeku. Jaribu saa saba mchana.

*Angalizo:* mfano wa mchanga ni wa ardhi tu. Jua linalokupiga kifuani asubuhi Mwezini lina nguvu ile ile ya mchana, hakuna hewa ya kulipunguza. Na usiutumie kwa Apollo 15 hadi 17. Apollo 17 walikaa saa 75, jua likapanda, ardhi ikapata moto kweli. Hapo tegemea tabaka za suti na soli nene za silikoni.

Makosa yanayorudiwa

"Angani ni baridi, kwa hiyo walipoa wenyewe." Hapana. Ombwe halina baridi ya kukugusa. Chupa ya chai ni shahidi.

"Rangi nyeupe inatosha." Inapunguza jua. Balbu tatu zilizo ndani haizigusi.

"Walishuka upande wa giza." Hawakushuka. Ukisema hivi, atakuonyesha picha yenye jua na umekwisha.

"Kasome kwanza." Ukilitamka hili, kunja karatasi yako uende nyumbani.

Pakikwama

*Bomba halichemshi.* Ama maji yamepoa chini ya nyuzi 60, ama umeacha povu la hewa ndani, ama raba haijaziba. Mara nyingi ni povu.

*Mpira wa levo hautiririshi.* Kuna hewa katikati. Inua ndoo ya juu, vuta upya, na usikaze mizunguko mpaka mpira ukajikunja.

*"Mbona mvuke hauonekani kwenye video?"* Mpeleke kwenye dele la kahawa likiwa jikoni linachemka. Atazame mdomo wake kwa karibu: kati ya mdomo na moshi mweupe kuna nafasi ya upana wa kidole isiyo na kitu. Mvuke wenyewe uko hapo, hauna rangi. Ule mweupe ni matone yaliyotokea baada ya mvuke kukutana na hewa ya baridi. Mwezini hakuna hewa ya kuyatengeneza, mvuke unatawanyika tu.

*"Maji ya mirijani yangeganda."* Yalikuwa yakizunguka juu ya mwili wenye nyuzi 37, na valvu yenye ngazi tatu ilimruhusu mwanaanga kupunguza kiasi cha maji yanayopita kwenye bamba.

*"Kifaa kikiharibika je?"* Kuanzia Apollo 14 walibeba mipira ya kuunganisha suti mbili, mwenye upozaji mzima amgawie mwenzake maji.

*"Hao ni Wamarekani, watasema lolote."* Suti za Kirusi za Orlan, zinazovaliwa tangu 1977, nazo zina nguo ya mirija na sublimeta. Muulize kwa nini mahasimu waige kifaa kisichofanya kazi.

*Amekasirika.* Acha hapo hapo, agiza kahawa na kashata za watu wawili. Karatasi muachie.

*Amekubali joto, sasa anataka bendera.* Iko upande wa pili wa karatasi. Mpange siku, na bomba la sindano hutalihitaji.